Agronome wa kwanza na kaye za babu: Mkongomani mwenye diploma alipewa nafasi gani?

Wandugu na wadada wa promosio, wale walio na kazi na wale ambao bado wanazunguka na farde chini ya mkono.

Katika mkutano wetu wa mwezi uliopita tulibishana sana juu ya staji bila malipo. Wengine walisema ni utumwa uliovaa kravati. Wengine wakasema hapana, ni mlango, mtu aingie kwanza, pesa itakuja nyuma. Mimi, ambaye mnajua napenda kusema, siku ile nilinyamaza. Nilinyamaza sababu barua ilikuwa mfukoni mwangu. Stasio moja ya utafiti huku Kivu ilikuwa imenikubalia staji ya miezi sita kwenye majaribio ya maharagi. Mshahara hakuna, chakula hakuna, hata pesa ya moto ya kupanda kule ni juu yangu. Wiki hiyohiyo ONG moja ilikuwa inatafuta maanketere wa siku kumi na mbili: unatembea mlango kwa mlango na telefone, unauliza watu wanakula mara ngapi kwa siku, jioni unalipwa dola. Mama alipoona ile barua ya staji aliigeuza pande zote mbili, kama mtu anayetafuta bei, kisha akaniuliza: “Mwanangu, hii masomo ya mashamba tutaikula siku gani?”

Niliomba siku kumi za kufikiri. Mimi si mtu wa historia, mimi ni mtu wa udongo. Lakini siku hizo kumi, badala ya kufikiri vizuri, nilianza kusoma juu ya wale waliotutangulia: Mkongomani wa kwanza mwenye diploma ya kilimo alikuwa nani, na baada ya diploma alipewa nini? Nilitaka kujua kama shida yetu ni mpya. Nawaandikia niliyoyapata.

Jina lake ni Paul Panda Farnana. Nina hakika wengi wetu tulimaliza miaka yote ya agro bila profesere hata mmoja kulitaja. Alizaliwa mwaka 1888 kule Nzemba, karibu na Banana, pale mto wetu unaingia baharini. Mwaka 1900, akiwa kijana mdogo, afisa mmoja Mubeleji aitwaye Derscheid alimchukua mpaka Ubelgiji, na dada wa yule afisa akamlea. Alisoma shule ya sekondari kule Ixelles, ndani ya Brussels, kisha akaingia shule ya bustani na kilimo ya Vilvoorde. Alitoka na diploma mwaka 1907, tena kwa sifa. Hakuishia pale. Mwaka 1908 alifanya masomo ya kilimo cha nchi za joto kule Nogent-sur-Marne, karibu na Paris, halafu akaenda Mons kujifunza mambo ya biashara na lugha ya Kiingereza. Ukiangalia sivi yake leo utasema huyu kijana wa miaka ishirini na moja yuko tayari kuongoza ministeri: diploma, masomo ya juu, lugha, nchi mbili za Ulaya. Kila kitu tunachoambiwa kila siku “ongeza, ongeza”, yeye alikuwa nacho kabla babu zetu hawajazaliwa.

Mwaka 1909 koloni ikamwajiri. Kwa kazi gani? Mkubwa wa mashamba, daraja la tatu. Walimtuma Eala, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1900 karibu na Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo. Baadaye alirudi kufanya kazi upande wa kwao, Bas-Congo. Ile “daraja la tatu” nilikaa nayo muda mrefu. Siyo kusema kazi ilikuwa mbaya. Eala ilikuwa mahali pa maana, mbegu nyingi za nchi hii zilipita pale. Lakini jiulize mwenyewe: katika nchi ambayo Mkongomani mwingine mwenye diploma kama yake hakuwepo, na wazungu wenye kuijua lugha ya watu walikuwa wa kuhesabu, ngazi yake ingefika wapi? Masomo hayakumpungukia. Juu yake kulikuwa na dari, na hakuna cheti ambacho kingeitoboa.

Vita ya 1914 ilimkuta Ubelgiji, yuko likizo. Aliingia katika kikosi cha Wakongomani waliojitolea kutetea ile nchi, Wajerumani wakamkamata upande wa Namur, akakaa mfungwa Ujerumani mpaka vita ikaisha. Aliporudi Brussels hakurudi tena kuwa mtu wa daraja la tatu. Mwaka 1919 alianzisha na wenzake chama, Union Congolaise. Kwa jina lake kamili, kilijiita shirika la kusaidiana na la maendeleo ya kiroho na ya akili ya Wakongomani. Someni tena polepole: maendeleo ya akili. Wanachama wengi walikuwa watu waliotoka vitani na mabaharia, siyo watu wa chuo, na chama kiliwatafutia masomo ya jioni. Panda mwenyewe alikwenda kwenye mikutano ya watu weusi wa dunia, ile ya Paris mwaka 1919 na ile ya 1921 pamoja na W.E.B. Du Bois wa Marekani. Na mwaka 1920, mbele ya mkutano mkubwa wa mambo ya koloni kule Brussels, alisimama akadai Wakongomani wasomeshwe na waingizwe katika kuongoza mambo ya nchi yao. Magazeti ya koloni yalimwona kama mtu hatari. Agronome, mtu wa bustani!

Mwaka 1929 alirudi Nzemba kwao. Alifanya nini? Alijenga shule, na akaanzisha kiwanda kidogo cha mafuta ya mawese. Mwaka uliofuata, 1930, alikufa Matadi, bado hajafika miaka arobaini na tatu. Mimi namwonea huruma, lakini pia namwonea wivu kidogo kwa ile shule na ile mashine ya mafuta.

Sasa nirudi huku nyumbani, sababu wakati Panda yuko Brussels, neno “agronome” katika vijiji lilikuwa na maana nyingine kabisa. Kuanzia 1917 kulikuwa na sheria ya kulima kwa lazima: pamba, mpunga, michikichi, kila eneo na zao lake, kila mwaka siku zilizohesabiwa. Asiyelima alilipa faini au aliingia gerezani. Aliyekuja kupima shamba la lazima ni nani? Agronome mzungu, na nyuma yake monitere Mkongomani aliyebeba kamba ya kupimia. Wazee wengi wakisikia mtoto anasoma agro bado wanacheka kidogo mdomoni. Wanakumbuka ile kamba. Hii pia ni urithi wetu, tusiifiche.

Babu yangu alikuwa monitere, lakini yeye wa stasio, siyo wa kamba. Nitafika kwake.

Masomo ya kilimo kwa Wakongomani yalianza kweli kweli miaka ya 1930. Mwaka 1932 chuo kikuu cha Louvain kilifungua kituo chake cha kilimo kule Kisantu, CADULAC, na kazi yake mojawapo ilikuwa kutoa maasistanti wa kilimo. Asistanti, siyo enjenyere. Mtu wa kusaidia. Mwaka uliofuata, Desemba 1933, mfalme akatia sahihi kuzaliwa kwa INEAC, shirika la utafiti wa kilimo la koloni, na makao yake makubwa yakawa Yangambi, kwenye ukingo wa mto, kama kilometa mia moja chini ya Stanleyville. Walioifika Yangambi wanajua ninachosema. Nyumba za matofali katikati ya pori, maktaba, maabara, herbariumu yenye mimea iliyokauka zaidi ya 100,000, na stasio zake ndogo kila upande wa nchi: M'Vuazi, Gandajika, Bambesa, Nioka, na kwetu Mulungu juu ya ziwa Kivu. Wakati ule ilikuwa moja ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo katika nchi za joto, dunia nzima.

Nipeni nafasi nieleze jambo moja la Yangambi, sababu ni zuri, na sababu ndani yake kuko swali langu. Ni habari ya ngazi, mchikichi. Kuko mchikichi wenye tunda la ganda nene ndani, unaitwa dura. Kuko mwingine usio na ganda, pisifera, lakini huo mara nyingi hauzai vizuri. Na kuko wa katikati, tenera, ganda jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Watu walipenda tenera, wakapanda mbegu zake, na kila mara ikawachanganya: miti mingine ilitoka tenera, mingine dura, mingine pisifera. Kwa nini? Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen wa Yangambi walitoa jibu. Tenera siyo kabila la peke yake, ni mtoto wa dura na pisifera. Ukizalisha tenera kwa tenera, robo inarudi dura, robo inakuwa pisifera, nusu tu ndiyo tenera. Lakini ukimpa dura mbegu ya kiume ya pisifera, watoto wote wanakuja tenera. Wote! Leo mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, yanayotoa sehemu kubwa sana ya mawese ya dunia, yanasimama juu ya hesabu ile. Hesabu ya darasa la pili la jenetiki, tuliifanya sisi wote kwa mbaazi za Mendel, na hakuna aliyetuambia kwamba ilifanyika pia kwetu, juu ya tunda tunalolila.

Sasa swali. Ili ujue baba wa mbegu, lazima ufunge ua la mchikichi kwa mfuko kabla halijafunguka, halafu upande tena kuweka unga wa kiume kwa mkono, halafu miezi ipite, upande tena kukata, upasue matunda moja moja, upime ganda. Maelfu ya matunda. Nani alipanda? Nani alipasua? Karatasi ya 1941 ina majina mawili.

Hapa ndipo babu anaingia. Alifanya kazi kwenye stasio moja huku milimani, kwenye kahawa, kuanzia miaka ya 1950. Alisoma miaka michache tu ya shule ya kilimo. Kila asubuhi alipita mistari ya miti, anahesabu maua, anahesabu matunda yaliyoanguka, anapima mvua kwenye kile chombo cha bati, anaandika ndani ya kaye. Jumamosi kaye ilipanda biro. Nilipokuwa mdogo alinionyesha moja iliyobaki nyumbani, karatasi za manjano, tarakimu nzuri kuliko zangu. Nilimwuliza kama yeye alikuwa mkubwa wa kahawa. Alicheka. Alisema: “Mi njo nilikuwa nahesabu. Ye njo alikuwa anaweka jina.” Hakusema kwa hasira. Ilikuwa kama kusema mvua inanyesha kutoka juu.

Nafikiri juu ya kaye hizo nikisoma habari za Yangambi. Kuanzia 1937 mpaka miaka ya 1950 watu wa pale waliangalia miti ya msitu kila wiki: huu una maua, huu umeangusha majani, huu una matunda. Waliandika katika meza kubwa za karatasi, mti kwa mti, zaidi ya elfu moja. Karatasi zikalala. Miaka ya karibuni watafiti walizitoa, wakaziingiza katika kompyuta kwa msaada wa watu wa kujitolea wa nchi nyingi, na sasa zinasaidia kujua jinsi msitu wetu unavyojibu mabadiliko ya hali ya hewa. Hakuna satelaiti iliyokuwepo mwaka 1937. Kuko tu mtu aliyetembea, akatazama juu, akaandika. Mtu huyo angekuwa leo anaomba staji, tungemwambia hana uzoefu.

Bon. Chuo kikuu. Lovanium ilifunguliwa 1954 juu ya kilima cha Kimwenza, na kile cha Elisabethville kikafuata 1956. Uhuru ulikuja 30 Juni 1960. Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu siku ile, vitabu vinabishana juu ya idadi, lakini vingi vinasema hawakufika hata 30 kwa nchi nzima, tukiacha mapadri. Mpaka mwisho wa miaka ya 1950 serikali yenyewe ilikuwa na sheria mbili za wafanyakazi, ya wazungu na ya wasaidizi Wakongomani. Basi miezi michache baadaye Wabeleji wengi wa stasio waliondoka. Funguo za maabara zikabaki kwa wale walioitwa asistanti na monitere.

Watu wanapenda kusimulia sehemu hii kama msiba mtupu: wazungu waliondoka, kila kitu kikaanguka. Kweli, mengi yalianguka. Lakini mimi nashangaa zaidi na kile ambacho hakikuanguka. Herbariumu ya Yangambi ilipita uasi wa miaka ya 1960, ikapita vita zetu zote za baadaye, na bado iko. Kulikuwa na watu walioendelea kufagia, kufungua madirisha, kufukuza wadudu wenye kula karatasi, katika miaka ambayo mshahara haukufika. Hakuna seminare iliyowafundisha vile.

INEAC ikawa INERA mwaka 1970. Mwaka 1971 Mobutu aliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA, na kila kampusi ikapewa masomo yake. Agronomia ikapelekwa kwenye uwanja wake wa asili: miaka hiyo ya 1970 ikazaliwa IFA ya Yangambi. Kwa wazo, mimi naliona kama moja ya mawazo mazuri ya wakati ule. Mwanafunzi analala kitandani karibu na shamba la majaribio, profesere na mtafiti ni mtu mmoja, staji siyo kitu cha kuomba kwa barua, ni kufungua mlango. Umbali, ukosefu wa pesa na baadaye vita vilifanya IFA ihamie Kisangani, na jina tu likabaki la Yangambi. Fikiria shule ya wavuvi iliyohama ziwa.

Lakini nafasi iliyonifundisha zaidi katika historia hii yote ni ile ya muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 muhogo wa Bas-Zaïre na Bandundu ulianza kufa. Kwanza bakteria ya kukausha majani, halafu kuanzia 1973 kidudu cheupe kama unga kilichofika kutoka Amerika ya Kusini bila adui wake. Mnajua maana yake: bila muhogo hakuna fufu, na bila majani yake hakuna sombe. Mwaka 1974 serikali pamoja na IITA ya Ibadan walianzisha mpango wa taifa wa muhogo, PRONAM, kule M'Vuazi. Na hapa vijana wenye diploma waliingizwa siyo kama mapambo. Waliajiriwa, wakatiwa shambani mbele ya tatizo lenye jina, wakafundishwa kuchagua mimea yenye kuvumilia, na waliofanya vizuri walitumwa kusoma zaidi, Ibadan na mbali kuliko Ibadan, kisha wakarudi kwenye shamba lilelile. Kidudu chenyewe kilishindwa na nyigu mdogo aliyetoka Paraguay. Walianza kumwachia Nigeria 1981, akasambazwa katika nchi nyingi za Afrika pamoja na kwetu. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa zawadi ya dunia ya chakula mwaka 1995. Lakini nyigu hajitembezi mwenyewe kijiji kwa kijiji. Kulihitajika watu wa kumzalisha, kumbeba, kumwachia, kurudi kuhesabu. Masomo na kazi vilikuwa kitu kimoja.

Halafu ikakatika. Mei 1990 wanafunzi waliuawa kwenye kampusi ya Lubumbashi, Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano, wafadhili wengine wakafuata, na Septemba 1991 uporaji ukamaliza kilichobaki. Wale vijana wa miaka ya 1970 walikuwa wamefika umri wa kufundisha wengine. Wengi waliondoka nchini, wengine wakaanza kuuza. Ukiuliza kwa nini leo kati ya profesere wetu wazee na maasistanti vijana kuko shimo la miaka ishirini, jibu ni pale. Tulikosa wa kutushika mkono siyo sababu walikuwa wachoyo. Hawakuwepo.

Tangu pale nafasi zimerudi moja moja, na sitaki kuzidharau. ERAIFT ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1999 chini ya UNESCO, inapokea watu wa nchi nyingi za Afrika kwa masomo ya juu ya misitu. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu wenye makao Kampala tangu 2004, una vyuo vya kwetu pia ndani yake, na kuna wenzetu wa hapa waliofanya masta kupitia pale. CIALCA ilipofanya kazi ya ndizi na maharagi huku Sud-Kivu, wanafunzi wengi wa memware walipata ploti zao. Na Yangambi yenyewe imeamka kidogo: CIFOR na chuo cha Kisangani wamefundisha masta na dokta wengi wa misitu, na tangu 2020 uko mnara wa mita 55 katikati ya msitu unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka. Kijana Mkongomani anaweza kupanda juu yake na data ikabeba jina lake.

Kinachonikasirisha mimi ni kitu kingine. Nina breve saba. Saba! Seminare ya siku mbili ya ujasiriamali, ya siku tatu ya “uongozi”, ya kilimo chenye akili mbele ya tabianchi iliyofanyikia ndani ya sale ya hoteli bila jani hata moja. Kila moja ilikuwa na perdiemu, sanduku la chakula, picha ya pamoja. Sikatai, ile perdiemu ilinunua unga nyumbani. Lakini nilipoziweka zote saba juu ya meza karibu na kaye moja ya babu, niliona ni nani kati yetu aliyefundishwa kazi.

Basi nilianza kuelewa kwamba katika mkutano wetu tulibishana vibaya. Tulibishana kama staji inalipwa au hailipwi. Panda alilipwa, na akabaki daraja la tatu. Babu alilipwa, na jina likaandikwa la mwingine. Vijana wa M'Vuazi walilipwa na wakakua, mpaka mambo ya wakubwa yalipowakata. Pesa ni lazima, nani asiyejua, mtu hali historia. Lakini kuna mambo mengine ya kuuliza kabla ya kutia sahihi, na hakuna aliyetufundisha kuyauliza, sababu tunakuja tumeinama, tunashukuru mapema.

Siku ya tisa nilikwenda kule stasio kabla ya kujibu barua. Mwenye majaribio ni mzee wa karibu kustaafu, mpole, viatu vyake vimechakaa kuliko vyangu. Nilimsalimu, nikamwambia: “Papa, samahani, nina maswali kabla sijakubali.” Alishangaa, akavuta kiti. Niliuliza: katika hii miezi sita nitafanya kazi gani hasa, nitajua kufanya nini ambacho leo sijui? Alisema nitafanya kukutanisha maua ya maharagi kwa mkono, kutoa alama za ugonjwa kwenye majani, na kupanga data. Hayo sikuyajua, chuoni tuliyaona ubaoni tu. Niliuliza kama naweza kutumia data ya ploti zangu nikiomba masta. Alifikiri, akasema ndiyo, kama namwonyesha kwanza. Halafu niliuliza lile la mwisho, sauti ikanitetemeka kidogo: ndani ya kaye ya shamba, aliyepima anaandikwa wapi?

Alifungua kaye iliyokuwa juu ya meza. Kolone ya tarehe, ya ploti, ya maua, ya ugonjwa, ya uzito. Ya mtu, hakuna. Aliangalia ile karatasi kama anaiona mara ya kwanza, na amekuwa pale zaidi ya miaka thelathini. “Hata mimi walinianzisha hivi,” alisema. Akachukua rula na biki nyekundu, akavuta mstari mmoja zaidi pembeni, akaandika juu yake: aliyepima.

Nilimwuliza pia juu ya pesa ya moto. Alicheka, akasema hiyo hapana, Papa mwenyewe anapanda kwa mguu.

Mama sijamaliza kumshawishi. Tumepatana hivi: zile siku kumi na mbili za anketi nafanya kwanza, pesa inabaki kwake, na staji inaanza tarehe moja ya mwezi ujao. Lengalenga zangu za bondeni mdogo wangu atamwagilia. Na kama kuna mmoja wenu anayeishi upande ule wa mlima na ana baiskeli isiyofanya kazi nyingi, tafadhali aniambie.